Somo la Wiki: Yalijengwa na Nani?



Likizo inakaribia. Leo tutajifunza kauli ya kutendwa kwa kuwafuata mume na mke, Waswahili wa hapa Johannesburg, ambao wamewaacha watoto kwa shangazi yao na kwenda kutembea. Wanakwenda Mapungubwe, mkoani Limpopo, kiasi cha kilomita 500 kaskazini mwa jiji letu. Huko mito ya Limpopo na Shashe hukutana, na nchi tatu hupakana: Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe. Hawajawahi kufika. Tuwasindikize.

1. Salamu kwanza

Sehemu hizo zina wasemaji wengi wa Kivenda. Kwetu, umri ndio unaochagua salamu: mdogo husema "shikamoo", mkubwa hujibu "marahaba". Kwa Wavenda, mwanamume husema "Ndaa" na mwanamke husema "Aa". Basi mke asimwige mumewe, wala mume asimwige mkewe. Kila mmoja ana neno lake.

Mlima wa Mapungubwe hupandwa pamoja na kiongozi wa hifadhi. Juu yake walizikwa wakubwa wa mji. Mifupa iliyokuwa imechukuliwa na watafiti ilirudishwa na kuzikwa upya mwaka 2007. Kwa hiyo panda kama unavyoingia makaburini kwetu: kwa upole, bila makelele.

2. Kauli ya kutendwa

Tuseme wageni wetu wanasoma sentensi hizi katika kitabu cha watalii:

Mji huu ulijengwa karne ya 13. Uligunduliwa mwaka 1932.

Tazama vitenzi. Jenga huwa jengwa. Zika huwa zikwa. Vitenzi vinavyoishia na -ua, kama chukua na gundua, huwa chukuliwa na gunduliwa.

Kauli hii inaturuhusu kumwacha mtenda. "Chai imeletwa" inatosha, hata kama hatukumtaja aliyeileta. Lakini mbele ya magofu, aliyeachwa nje ya sentensi huenda ndiye hasa tuliyemfuata. Kwa hiyo wageni wetu waulize: na nani?

Mji ulijengwa na nani? Ulijengwa na Waafrika, wakulima na wafugaji, na ulistawi kuanzia mwaka 1220 hivi hadi karibu 1300.

Uligunduliwa na nani? Hapa neno lenyewe lina kasoro. Wenyeji waliujua mlima huo na kuuheshimu tangu zamani. Mwenyeji mmoja ndiye aliyewaonyesha Wazungu njia ya kuupanda. Ni sahihi zaidi kusema: "Wazungu walionyeshwa mlima na mwenyeji mwaka 1932."

Swali hili si la sarufi tu. Wakati wa ubaguzi wa rangi, watoto wa nchi hii walifundishwa kwamba Waafrika weusi walifika kusini karibu wakati mmoja na Wazungu. Mapungubwe ilikuwa ushahidi dhidi ya maneno hayo, na haikupewa nafasi yake katika masomo. Ng'ambo ya mto, serikali ya Rhodesia haikupenda kusikia kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na mababu wa Washona. Mwanaakiolojia Peter Garlake, aliyekuwa ameyachunguza pia majengo ya kale ya pwani yetu, alilisema wazi jambo hilo, na mwaka 1970 akaondoka nchini humo.

3. "Na" na "kwa"

"Na" humtaja mtenda. "Kwa" hutaja kifaa au vitu vilivyotumika. Linganisha:

Kuta za Zimbabwe Kuu zilijengwa na mababu wa Washona kwa mawe, bila chokaa.

Msikiti Mkuu wa Kilwa ulijengwa na Waswahili kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Kifaru mdogo wa Mapungubwe, anayehifadhiwa na Chuo Kikuu cha Pretoria, alitengenezwa na mafundi wa huko kwa dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kama karatasi.

4. Jihadhari na -ka

"Mji ulibomoka" si sawa na "mji ulibomolewa". Kitenzi cha -ka hakimpokei mtenda. Huwezi kusema "ulibomoka na fulani". Kitumie pale ambapo kweli hapana mtenda: ukuta ulipasuka, paa liliporomoka. Lakini mwaka 1505 Kilwa haikuanguka yenyewe. Ilivamiwa na Wareno.

5. Shanga zililetwa na nani?

Katika makaburi ya Mapungubwe kulikutwa shanga nyingi za kioo. Zilivushwa Bahari ya Hindi na mabaharia, zikapitishwa kwa wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki, kisha zikasafirishwa bara. Dhahabu na pembe za ndovu zilikwenda upande wa pili. Baadaye, Zimbabwe Kuu ilipostawi, dhahabu yake ilipitia Sofala, bandari iliyokuwa chini ya Kilwa. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu ilipatikana sarafu ya Sultani Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331.

Mtoto, ukiulizwa shuleni watu wa pwani wana uhusiano gani na kusini hii, huna haja ya kununa. Jibu kwa sentensi kamili, yenye mtenda na yenye mwaka.

Zoezi

A. Geuza ziwe kauli ya kutendwa, bila kumwacha mtenda:
1. Mafundi walifua dhahabu.
2. Wareno walivamia Kilwa.
3. Mabaharia walileta shanga.

B. Jaza "na" au "kwa": Nyumba ya bibi ilijengwa ___ babu ___ udongo na makuti.

C. Chagua jengo moja la zamani hapa Johannesburg. Andika sentensi tatu: lilijengwa lini, kwa nini, na nani. Ukipata jina la mwenye jengo tu, endelea kuuliza: mawe yalibebwa na nani?

Wazazi, zoezi C lifanyeni pamoja na mtoto, kwa miguu, Jumapili moja. Majibu yaletwe darasani Jumamosi inayofuata.