Sauti Kali ya Stirio na Jinsi ya Kuituliza

Mtu huweka akiba kwa muda mrefu, akanunua stirio nzuri, akaileta nyumbani kwa furaha. Dukani sauti ilikuwa tamu. Nyumbani inachoma masikio. Kila herufi ya "s" katika wimbo hulia kama nyoka, na baada ya nusu saa wazee huondoka sebuleni. Wengine huuza chombo hicho kwa hasara. Yafaa kwanza kujua asili ya ukali huo, kwa maana mara nyingi kosa si la chombo bali ni la chumba.

Sikio la kijana husikia mitetemo tangu 20 hata 20,000 kwa sekunde, lakini ni jepesi mno kwa ile iliyo kati ya 2,000 na 5,000. Hiyo ikizidi kidogo tu, sikio huchoka upesi. Ukuta wa saruji, sakafu ya vigae na vioo vya madirisha huirudisha chumbani. Zulia nene na mapazia huimeza. Mwenye chombo na apige kofi moja katikati ya chumba. Akisikia mlio unaorudi-rudi, ameonyeshwa adui yake.

Mambo ya kufanya ni haya:

1. Nyaya. Chombo kikiwa kimezimwa, zitazamwe nyaya za spika zote mbili. Waya wa alama nyekundu ufungwe penye nyekundu, na wa nyeusi penye nyeusi. Spika moja ikifungwa kinyume, sauti nene hupotea, zikabaki nyembamba peke yake.

2. Chumba. Zulia litandikwe kati ya spika na wasikilizaji. Mapazia yawe mazito, yenye mikunjo, wala yasibanwe ukutani. Msikilizaji akae kitini, na mwenzake asogeze kioo cha kujitazamia ukutani. Pale spika inapoonekana kiooni ndipo pa kutundika zulia au kuweka rafu ya vitabu. Trei za mayai hazisaidii sana, ingawa wengi huzisifu.

3. Mahali pa spika. Sauti nyembamba huenda mbele kama mwanga wa tochi. Sauti nene huenea pande zote. Basi spika igeuzwe kidogo isimwelekee msikilizaji moja kwa moja. Ikisogezwa karibu na ukuta, sauti nene huongezeka na ukali hupungua.

4. Vifungo. Mwisho kabisa, kifungo cha sauti nyembamba kirudishwe nyuma kidogo. Kikirudishwa mno, maneno ya mwimbaji hayatasikika vizuri.

Jambo moja libadilishwe kwa wakati mmoja, na wimbo uwe ule ule, ili ijulikane dawa iliyofaa.

Kuongeza sauti hakuponyi ukali. Chombo kidogo kikilazimishwa kupita nguvu zake hukwaruza na huweza kuunguza spika. Tena masikio yana mpaka: Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wasisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa wiki, ikifika desibeli 90, saa 4 tu. Spika iliyoungua hununuliwa nyingine. Sikio lililoharibiwa na kelele halipati badala yake.