Je, Wamjua Akaaye Karibu Nawe Kanisani?

Siku ya Dominika, Misa iishapo, watu wa Matogoro husimama kitambo nje ya kanisa wakiamkiana. "Nyoni, hujambo?" "Sijambo, Komba, habari za nyumbani?" "Njema." Kisha kila mmoja ashika njia yake, huyu apanda kuelekea mashamba yaliyo chini ya mlima, yule ashuka Songea mjini. Kwa namna hii watu wawili waweza kukaa benchi moja miaka kumi, wakapeana mkono wa amani kila Dominika, na wasijue kama mwenzao ana mama aliye hai. Jambo hili twataka kulifikiri leo pamoja nanyi, ndugu wasomaji, maana tumewasikia wengi wakisema, "Yule ni rafiki yangu mpenzi wa kanisani," na wakiulizwa nyumba yake iko wapi, huelekeza kidole mlimani tu.

Hatusemi kwamba urafiki huo ni bure. Ni mwanzo. Lakini jina la ukoo ni mlango wa nyumba, si nyumba yenyewe. Komba ni mnyama wa usiku, nyoni ni ndege. Koo nyingi za Ungoni zina majina ya namna hiyo, na ajuaye ukoo hujua namna ya kumwamkia mtu. Bado hajamjua mwenye jina. Tena Matogoro si pa koo hizo tu. Chuo cha Ualimu huleta vijana kutoka mikoa ya mbali. Mhehe akija, utani humfungulia mlango upesi, kwa kuwa babu zetu walipigana na babu zake kabla ya utawala wa Wadachi kuenea huku; lakini Mhaya atafunguliwa na nani?

Historia ya nchi hii yenyewe yatuonyesha gharama ya kukaa jirani pasipo kujuana. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, wakajenga karibu na makao ya Nkosi Mputa Gama. Mwaka 1903 mmoja wa mapadri alikiharibu kibanda cha mahoka cha Mputa, mahali pa kuwakumbuka na kuwaomba wazee waliokufa. Machoni pa padri kibanda kile kilikuwa upagani tu. Machoni pa mwenyewe kilikuwa baba yake na babu zake. Vita vya Majimaji vilipofika Ungoni mwaka 1905, misheni ya Peramiho iliteketezwa, na Askofu Cassian Spiss, aliyeianzisha, aliuawa mwezi wa Agosti akiwa safarini upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Hatusemi vita vilitoka katika kibanda kile. Kodi, kazi za shuruti na ukali wa utawala vilitosha kuvileta. Lakini jeraha lile lilikuwapo.

Tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga hapa Songea wakubwa wengi wa Wangoni, na Mputa alikuwa miongoni mwao. Kabla ya kunyongwa kwao Padri Johannes Häfliger alikwenda gerezani, akakaa nao, akazungumza nao, na wengi wakabatizwa. Hatuna haja ya kuidharau kazi yake ya siku zile. Walakini twajiuliza mazungumzo kama yale yangalizaa nini kama yangalifanyika miaka mitatu mapema, mkekani, nyumbani kwa Mputa, wakati ambapo kila mtu alikuwa na nafasi ya kuuliza na kujibiwa.

Basi, mtu hujulikana nyumbani kwake. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki waliliona hilo walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, wakaamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jumuiya husali nyumba kwa nyumba. Mwenye zamu hutandika mkeka, na wageni, wapende wasipende, huona paa linalovuja, mtoto asiyetembea, na picha ya marehemu ukutani. Kwa maoni yetu faida kubwa ya jumuiya haipatikani wakati wa sala tu. Hupatikana pia katika ile robo saa ya baadaye, watu wakingoja mvua ipungue.

Tulisimuliwa habari za mzee mmoja mwimbaji, mwenye sauti ya chini, aliyekosa mazoezi ya kwaya mara tatu. Wengi walisema amekasirika kwa sababu hakupewa kuongoza zaburi. Mwimbaji mwenzake peke yake hakusadiki. Alikuwa amekula ugali kwa mzee huyo mara nyingi, akajua mambo mawili madogo: kwamba binti amtunzaye huenda Mbinga kila mwaka wakati wa kuchuma kahawa, na kwamba mzee hapendi kuwasumbua majirani. Alipanda mlimani jioni ile ile, akamkuta amelala kwa homa, mtungi mtupu. Wakambeba mpaka hospitali, akapona. Kwaya nzima ilimpenda mzee yule. Aliyemwokoa ni yule aliyejua majira ya kahawa.

Yapo na mambo yanayovunja urafiki wa namna hii, na la kwanza ni fedha. Mtu huazima fedha za mbolea kwa rafiki wa kanisani, mahindi yasipofanikiwa huona haya, ahamia benchi la nyuma, mwisho haji kabisa. Amepoteza rafiki na Misa kwa mifuko miwili. Ni heri kumpa mwenzako kile tu ambacho kisiporudi hutamchukia, na kumwambia hivyo waziwazi siku ile ile. La pili ni ulimi. Shida iliyotajwa jumuiyani ili iombewe isikutwe kesho yake sokoni.

Hata watakatifu walikwaruzana. Basili na Gregori wa Nazianzi walipendana tangu walipokuwa wanafunzi Athene katika karne ya 4. Kisha mwaka 372 Basili, akitafuta watu wa upande wake, alimfanya Gregori kuwa askofu wa Sasima, kijiji cha njia panda chenye vumbi na makelele. Gregori aliona ametumiwa kama chombo, wala hakuficha uchungu wake. Lakini Basili alipokuwa amekwisha kufa, mwaka 379, ni Gregori aliyetunga hotuba ndefu ya kumsifu, akaligusa humo hata lile la Sasima. Kanisa huwaadhimisha wote wawili siku moja, tarehe 2 Januari.

Wengine watuuliza waanzeje. Isiwe kwa maswali mengi, maana mgeni aulizaye sana hudhaniwa mpelelezi. Msindikize mtu njia moja baada ya Misa, umsaidie mzigo, naye atakukaribisha maji. Mwanamume amtembeleapo mama mjane aende na mkewe au mtoto, ili majirani wasipate kazi. Na usiende mikono mitupu: ndizi chache zatosha. Ukienda na kuku siku ya kwanza, mwenyeji ataanza kujiuliza umekuja kuomba nini.