Kompyuta ya Linux Ikiwa Bubu

Watu wengi waonapo kompyuta ya mezani ya Linux haitoi sauti, hudhani kadi ya sauti imekufa, wakanunua nyingine bure. Heri kuiuliza mashine yenyewe kwanza. Hakikisha waya wa spika umo katika tundu lake, ambalo mara nyingi ni la kijani, kisha fungua terminali uandike aplay -l. Kadi ikitajwa, Linux imeiona. Halafu andika alsamixer, ubonyeze F6 na kuichagua kadi hiyo. Ukiona herufi MM chini ya mstari wa sauti, basi imefungwa. Bonyeza M ifunguke. Lakini nionavyo mimi, kinachowahadaa wengi ni waya wa HDMI: sauti hupelekwa kwenye skrini, nayo pengine haina spika. Hapo fungua mipangilio ya sauti, uchague spika zako.