Hati ya Mahakama Kutoka Nchi Nyingine ya Ulaya

Unaishi Hamburg, na umeletewa bahasha ya mahakama ya Milano. Kuna mtu amekufungulia shauri la madai juu ya mkataba wa mauzo, na hati yote ni ya Kiitaliano, lugha usiyoijua. Usiitupe. Usijipe moyo kwamba mahakama ya Italia haiwezi kukufikia Ujerumani.

Kati ya nchi za Umoja wa Ulaya, jambo hili huongozwa na Kanuni namba 2020/1784, inayotumika tangu Julai 1, 2022. Hati hutumwa kwa ofisi ya upokeaji, ambayo Ujerumani ni Amtsgericht (mahakama ya mwanzo) ya eneo lako, nayo inatakiwa ikufikishie ndani ya mwezi 1. Yaweza pia kuja kwa posta, kwa barua ya rejista. Masuala ya kodi na forodha hayamo.

Una haki ya kuikataa hati ambayo haiko katika lugha unayoielewa wala katika lugha rasmi ya mahali inapofikishwa. Sema papo hapo kwa anayeileta, au rudisha tamko la maandishi ndani ya wiki 2. Fomu L inayoambatana na hati ndiyo ya kujaza. Lakini soma vizuri hapa: hati ya Kijerumani huwezi kuikataa ukiwa Hamburg, hata kama Kijerumani chako kinaishia sokoni. Wala huwezi kudai iletwe kwa Kiswahili. Kwa mgeni sharti hili ni zito, nasi tunakusihi utafute mkalimani siku hiyohiyo, maana siku za kujibu zimekwisha anza kuhesabiwa.

Kukataa hakufuti shauri. Mdai ataleta tafsiri kwa gharama yake, na kwako tarehe ya kufikishiwa itakuwa ile ya kupokea tafsiri.

Je, kama hukumu imeshatolewa nawe hukupata habari kwa wakati, bila kosa lako? Omba mahakama iliyotoa hukumu ikuongezee muda wa kukata rufaa, ukionyesha kwamba unao utetezi wa kusikilizwa. Usikawie baada ya kuijua hukumu: nchi inaweza kuweka kikomo cha maombi hayo, ingawa hakiwezi kuwa chini ya mwaka 1 tangu hukumu itolewe. Nafuu hii haigusi hukumu zinazohusu hali ya mtu, kama vile talaka.