Akiba haiozi: Rekodi ya mgonjwa ndani ya simu

MTOTO wa miezi 8 ana kikohozi na anapumua mara 54 kwa dakika. Mhudumu wa afya ya jamii amefika nyumbani kwao akiwa na simu, lakini hapo hakuna mtandao. Je, kazi isimame?

La hasha. Mtoto wa kati ya miezi 2 na 11 mwenye kikohozi, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, huenda ana homa ya mapafu na anahitaji matibabu haraka. Simu iliyoandaliwa vyema itamwambia mhudumu hivyo papo hapo, mtandao uwepo usiwepo.

Tangu Septemba 2023, Serikali ilipoanza kuwapa wahudumu wapatao 100,000 vifaa na simu, rekodi nyingi zilizokuwa zikiandikwa daftarini zimehamia kwenye programu iitwayo eCHIS. Kwa hivyo ni vyema kila mmoja wetu, mhudumu na mzazi, aelewe rekodi hizo zinakaa wapi.

Hifadhidata ni nini?

Chukua mfano wa chumba cha rekodi katika zahanati. Faili zimepangwa kwa nambari, na karani hukutolea yako ukimwomba. Hifadhidata hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya kompyuta.

Aghalabu hifadhidata hukaa katika kompyuta kubwa iliyo mbali, yaani seva, na bila mtandao huwezi kuifikia. Lakini kuna aina nyingine inayokaa ndani ya simu pamoja na programu yenyewe. Hii ni kama kabati la faili lililotiwa mkobani mwa mhudumu.

Iliyoenea zaidi ni SQLite, iliyoundwa na D. Richard Hipp mwaka wa 2000. Huweka data yote katika faili moja tu, nayo imo katika simu za Android na iPhone. Programu ya eCHIS hutumia PouchDB ndani ya simu na CouchDB katika seva. Hizi mbili hupatana mtandao unapopatikana.

Faida yake ni kubwa. Mhudumu anaweza kutafuta watoto wa kijiji chake ambao hawajapata chanjo ya surua ya miezi 9 akiwa njiani tu. Tena, betri ikiisha katikati ya kuhifadhi, hifadhidata nzuri huandika rekodi nzima au haiandiki chochote. Hutakuta jina la mtoto pamoja na nusu ya kipimo cha dawa yake.

Kuhifadhi si kutuma

Hapa ndipo wengi hukosea. Fomu ikishahifadhiwa, mhudumu huona kazi imekwisha. Kumbe rekodi ingali katika simu yake peke yake! Muuguzi wa zahanati haioni, na simu ikitumbukia mtoni, rekodi imekwenda nayo.

Simu ikishapata mtandao, rekodi hunakiliwa kwenye seva. Kila rekodi hupewa nambari yake ya pekee ndani ya simu, hivyo hata ikitumwa mara mbili haiwi ya wagonjwa wawili. Mhudumu na muuguzi wakibadilisha rekodi moja kwa wakati mmoja, CouchDB huonyesha nakala moja na kuiweka ya pili hadi tofauti hiyo itatuliwe.

Mambo ya kuzingatia

1. Kila ufikapo penye mtandao, tuma rekodi na uhakikishe hakuna iliyosalia.

2. Mgonjwa mahututi asingojee mtandao. Mpe barua ya rufaa na umpeleke.

3. Usifute data ya programu wala kuiondoa simuni kabla ya kutuma. Kufanya hivyo ni kuchoma kabati lote la faili.

4. Usijaze simu picha na video. Nafasi ikiisha, rekodi mpya hazina pa kukaa.

5. Funga simu kwa nambari ya siri, wala usiwape watoto waichezee. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Hebu fikiria hali ya virusi vya Ukimwi ya jirani ikisomwa sokoni!

6. Simu ikipotea, mwarifu msimamizi wako siku hiyo hiyo ili akaunti ifungwe.

Nanyi wazazi, msitupe kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Nendeni nacho kila mara kliniki, na mhudumu akija nyumbani mwonyesheni. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini iliyowekwa mahali pamoja tu hupotea kwa siku moja.