Goti la Bibi
Mara nyingi tumeliona jambo hili: bibi amevimba goti, hatembei ila kwa mkongojo, na wanawe wamekutana kuamua kama atiwe goti la bandia. Bibi mwenyewe yumo chumba cha pili, hakuitwa. Twasema wazi kwamba hivyo si vyema. Goti ni lake, na maumivu ni yake.

Kwanza aulizwe: goti hili limemnyima nini? Usingizi? Kwenda shambani? Kisha afuatane naye kwa daktari mtu ajuaye kusikiliza. Upasuaji huu, ambao hapa kwetu hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kwa kawaida waweza kungoja; mazoezi na dawa hujaribiwa kwanza, na ugonjwa wa sukari hutulizwa. Hatari zake ni kidonda kuingia vijidudu na damu kuganda miguuni. Wengi hupata nafuu kubwa, na kiungo hicho cha chuma na plastiki mara nyingi hudumu miaka 15 au zaidi. Lakini kuchuchumaa chooni huwa shida. Basi nani atatengeneza kiti cha choo? Nani atamshika mkono majuma ya kwanza? Wanaopaza sauti “Apasuliwe!” pengine ndio wasioonekana siku hizo.

Naye akikataa, asikaripiwe, bali aulizwe sababu. Huenda anaogopa dawa ya usingizi. Hilo daktari atalijibu. Huenda anaogopa kuwafilisi wanawe. Hilo wanawe na walijibu wenyewe, tena kwa hesabu ya kweli.