TUJIFUNZE KUAGANA

Sisi wahudumu wa jamii tunajua kuanza kazi: tunapiga hodi, tunasikiliza, tunafungua faili. Kumaliza je? Wengi wetu tunaacha tu kwenda.

Hapa Kiganjo tulikuwa tukimtembelea shosho mmoja anayelea wajukuu watatu. Pesa za karo zilipokwisha, tuliona haya kumwambia, tukapotea. Baadaye tulikutana naye sokoni. Akatuuliza, "Kwani niliwakosea nini, watoto wangu?" Sisi tulifikiri tumefunga faili. Yeye alifikiri tumemkataa.

Tena miradi huisha ghafla. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kazi nyingi za Ukimwi na za mayatima nchini Kenya zilikatika. Wafanyakazi wengi hawakupata hata nafasi ya kuaga. Kwa hivyo maandalizi ya kuagana yaanze siku ya kwanza.

Tufanyeje?

1. Tuseme ukweli mapema: tutakuja kwa muda gani, na ni jambo gani likitimia tutamaliza.

2. Mwisho ukikaribia, tupunguze safari pole pole. Familia ijaribu kusimama sisi tukiwa bado karibu.

3. Tuwakabidhi kwa watakaobaki: chama cha akina mama, Jumuiya Ndogo Ndogo, mhudumu wa afya wa mtaa. Twende nao mpaka kwa mhusika. Kuandikia mtu namba ya simu hakutoshi.

4. Siku ya mwisho tuketi, tuhesabu pamoja yale waliyofanya wao wenyewe. Wakiwa na hasira, tusikilize.

5. Faili tuihifadhi. Siri za familia hubaki siri hata baada ya kazi kwisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hivyo.

Lakini tuangalie: mtoto akiwa hatarini, hatuagani. Kwanza tumfikishe kwa ofisa wa watoto. Simu 116 ya kusaidia watoto ni ya bure.

Kwa yule shosho tulirudi kuomba msamaha. Alitupikia chai, akasema, "Sasa mmeniaga. Mkipita njia, nisalimieni."

Maswali ya kujadili kikundini:
- Ni nani tuliyemwacha bila kumwaga?
- Tukiondoka leo, familia tunazozitembelea zitamwendea nani?